Charge Ni Charge? Zii! Hili Neno Moja Linajaza Simu, Linakupeleka Kortini na Linaweza Kukutoa Kwa Shamba

Wacha tuanze na mchezo mdogo. Soma hizi sentensi tano polepole, alafu ujiulize kama zinaongelea kitu kimoja.

"Simu yangu haina charge."

"Nitumie soo tano na charges za kutoa."

"Huyo jamaa amekuwa charged jana Milimani."

"Nani ako in charge hapa?"

"Hii title iko na charge."

Neno ni moja. Herufi ni sita tu. Lakini hapo umeguswa betri, mfuko, uhuru, kazi na shamba la babu yako, zote kwa pumzi moja.

Na shida iko hapo hapo. Kuna maneno ya Kizungu yenye ukiyasikia unajua kabisa hujui maana yake, kwa hivyo unauliza. Lakini "charge"? Nani atauliza maana ya charge? Umelitumia tangu ununue kabambe ya kwanza. Unalisikia kwa mat, kwa kinyozi, hosi, kila mahali. Kwa hivyo ukilipata kwa karatasi ya benki ama ukilisikia kwa korti, unaitikia kichwa tu, "sawa, sawa," na unatia sahihi.

Ukikosea maana ya kwanza, utalala bila simu siku moja. Ukikosea ya mwisho, familia nzima inaweza kuhama. So kaa hapa dakika chache tulipange hili neno, moja baada ya nyingine.

Kwanza, si wewe uko na shida, ni Kizungu

Usijione fala. Kizungu kina tabia ya kuchukua neno dogo na kulibebesha kazi za watu kumi. Kamusi kubwa ya Oxford ilipotoka kwa toleo la pili mwaka wa 1989, neno "set" ndilo lilikuwa bingwa, likiwa na maana zaidi ya 400. Baadaye "run" likalipita. Mhariri mmoja wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alikaa miezi 9 akishughulika na hilo neno moja tu, na akatoka na maana 645 za kitenzi peke yake. Miezi tisa! Mtu anazaa na kuanza kununua nepi.

"Charge" haliko juu hivyo, lakini kwa maisha ya Mkenya wa kawaida, hili ndilo linaweza kukuumiza zaidi.

Yote ilianza na mkokoteni

Warumi walikuwa na neno "carrus", yaani gari la kukokotwa. Kutoka hapo kukatokea kitenzi cha kusema "kupakia mzigo kwa gari". Wafaransa wakalichukua, wakalilainisha, na Waingereza wakalipata kutoka kwa Wafaransa. Ndiyo maana "charge" ni binamu wa damu wa "car", "carry" na "cargo". Wote walitoka kwa boma moja.

Sasa shika hii, kwa sababu ndiyo ufunguo wa stori yote: maana ya kwanza kabisa ya "charge" ni kupakia mzigo. Ukiona hilo neno mahali popote, jiulize swali moja tu: ni mzigo gani huu, na nani ndiye amebebeshwa?

Jaribu uone venye inafanya kazi.

1. Mzigo wa stima

Hii unaijua. Simu imezima, unatafuta chaja, unaomba konda akuchomekee hapo mbele.

Lakini ilifikaje kwa stima? Zamani bunduki ilikuwa inapakiwa baruti kabla ya kila risasi, na kile kipimo cha baruti kiliitwa "charge". Ulikuwa ni mzigo wa bunduki. Karne ya 18, wanasayansi kama Benjamin Franklin walikuwa wanajaza umeme ndani ya mitungi ya glasi. Walihitaji neno la kuita hicho kitendo cha kujaza, na hilo lilikuwa tayari liko. Mtungi ukapakiwa, kama bunduki tu.

Ndiyo maana hata leo betri yako imeandikwa kitu kama 5000 mAh. Hiyo namba ni ukubwa wa mzigo wa umeme ambao betri inaweza kubeba. Ukiibadilisha kwa kipimo cha wanafizikia kinachoitwa coulomb, inakuwa 18,000. Kwa hivyo ukisema simu imejaa charge, unasema imebeba. Ukisema haina charge, unasema imetua mzigo wote. Iko sawa kabisa.

2. Mzigo wa mfuko

Hapa mzigo ni pesa, na aliyebebeshwa ni wewe.

Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, Wakenya wametengeneza adabu yao wenyewe kuhusu hii charge. Mtu mwenye roho safi hatumi tu pesa, anatuma "na ya kutoa". Mwenye hatumi ya kutoa, mnajua venye mnamuongelea kwa group.

Ukinunua tokeni za stima, angalia ile meseji vizuri. Kuna pesa uliyotoa, kuna pesa iliyoenda kwa tokeni zenyewe, na kuna sehemu imeandikwa OtherCharges. Hizo ni ushuru na ada zingine zinazopandia mgongo wa stima yako. Ndiyo maana unatoa soo mbili na unaona units chache hadi unadhani mita imelewa.

Alafu kuna service charge ya ploti, ile ya taka, askari wa geti na maji ya kuosha ngazi. Mwenye nyumba anakuambia rent ni elfu kumi na tano, unafurahi, unahamisha vitu, mwisho wa mwezi unapata ni elfu kumi na saba na kitu. Hakudanganya. Hukuuliza tu, "Na charges zingine?"

Kwa maana hii, Kiswahili kiko na maneno safi: ada, gharama, malipo. Ukitumia hayo, hakuna mtu atakuchanganya.

3. Mzigo wa kazi

Ukiambiwa mtu fulani ako in charge, maana yake amebebeshwa jukumu. Kwa dispensari nyingi mashinani, "incharge" imekuwa hadi jina la mtu. "Nenda uone incharge." Kwa ubalozi, balozi akiwa hayuko, mwenye anashika usukani anaitwa chargé d'affaires, yaani amebebeshwa shughuli zote za ofisi.

Lakini kuna mtego mdogo hapa. "In charge of" na "in the charge of" ni vitu viwili tofauti. Wa kwanza ni mwenye anatunza. Wa pili ni mwenye anatunzwa. Ukiandika kwa barua kwamba mtoto wako ako "in charge of" yaya, umesema mtoto ndiye bosi. Ingawa, tuseme ukweli, kuna manyumba hiyo ndiyo hali.

Na kama wewe ni mtu wa kuendesha gari baada ya sherehe, sikiza. Sheria ya trafiki ya Kenya haiongelei tu mtu mwenye anaendesha akiwa amelewa. Inataja pia mtu mwenye ako "in charge" ya gari barabarani ama mahali pa umma akiwa amelewa kiasi cha kutoweza kulidhibiti. Kwa hivyo kusema "Afande, gari ilikuwa imesimama" si lazima ikuokoe. Swali litakuwa: nani alikuwa amebeba jukumu la hiyo gari?

4. Mzigo wa kifaru

Ukienda mbugani na guide apige nduru, "It's charging!", tafadhali usitafute waya. Amesema kifaru anakuja mbio na uzito wake wote, na hana mpango wa kusalimia.

Hii ni lugha ya vita vya zamani, pale askari wa farasi walikuwa wanarushia adui uzito wa farasi, mkuki na mtu, vyote kwa pamoja. Shambulio maarufu zaidi la aina hii lilikuwa Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854, wakati askari wa farasi wa Uingereza walituma mbio moja kwa moja mbele ya mizinga ya Warusi. Wengi waliumia na kufa, na mshairi Tennyson akaandika shairi juu yao mwaka huo huo.

Mzigo uko hapo bado. Tofauti ni kwamba sasa unakuja ukikimbia.

5. Mzigo wa korti

Sasa tupunguze kicheko.

Ukiambiwa mtu amekuwa charged, maana yake amebebeshwa lawama rasmi. Kiswahili tunasema amefunguliwa mashtaka. Ile karatasi inayosomwa kortini, charge sheet, ni hati ya mashtaka.

Kosa la kwanza tunalofanya, hasa sisi watu wa mitandao: celeb akifikishwa kortini asubuhi, saa sita tayari tumeshamfunga miaka kumi kwa comments. Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inasema mshtakiwa anachukuliwa kuwa hana hatia mpaka kinyume kithibitishwe. Charged ni mwanzo wa stori. Convicted ndiyo mwisho, na si kila stori inafika huko.

Kosa la pili ni hatari zaidi kwa mtu wa kawaida. Umeshikwa na makarao usiku, uko seli, unasikia mtu akisema kuna "charge". Kwa sababu umezoea charge ya kutoa pesa, akili inakimbia kwa mfuko: "Ni ngapi, Afande?" Hapana, msee. Hiyo charge hailipwi. Hiyo charge inajibiwa, na inajibiwa mbele ya hakimu. Ukitoa pesa ya dhamana, hiyo ina jina lake, na unafaa kupewa risiti. Pesa isiyo na risiti ina jina lingine kabisa, na hilo jina liko kwa sheria za ufisadi.

Mambo haya yaweke kichwani, hata kama hujawahi kushikwa:

Ukishikwa, una haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha unayoelewa, sababu ya kushikwa.

Unafaa kufikishwa kortini ndani ya masaa 24. Kama hayo masaa yanaisha wakati korti imefungwa, basi siku inayofuata ambayo korti imefunguliwa.

Una haki ya kuelezwa mashtaka kwa undani wa kutosha ili uweze kuyajibu.

Kama huelewi lugha inayotumika kwa kesi, una haki ya kupata mkalimani bila kulipa chochote.

Hiyo ya mwisho rudia mara mbili. Korti za Afrika Mashariki zilishasema tangu kesi ya Adan mwaka wa 1973 kwamba mashtaka lazima yaelezwe kwa mshtakiwa kwa lugha anayoelewa kabla ya kukubali ama kukana. Kwa hivyo usiseme "ndiyo" kortini ili uonekane unajua Kizungu. Hakuna mtu huko anatoa marks. "Sijaelewa, naomba nielezwe kwa Kiswahili" ni sentensi halali kabisa, na inaweza kuwa tofauti kati ya kulala kwako na kulala ndani.

6. Mzigo wa shamba

Hii ndiyo ilinifanya niandike hii makala yote.

Hebu fikiria mzee mmoja, baba ya mtu, labda babako. Kijana wake anataka mkopo anunue gari la biashara. Benki inataka dhamana. Kijana anarudi ocha, anaongea na mzee vizuri, mzee anatoa title kwa sanduku la mbao chini ya kitanda. Wanaenda pamoja benki wakiwa wamevaa masuti.

Mwenye kuwahudumia anawaambia, kwa haraka, kwamba benki itaweka charge kwa hiyo title.

Mzee anauliza, "Hiyo charge ni pesa ngapi?"

Anatajiwa gharama ya wakili na ushuru wa stempu. Mzee anaona hiyo si mbaya. Kijana atalipa. Anatia sahihi pale ameonyeshwa, anashukuru, anarudi nyumbani akijua amesaidia mtoto kulipa ada fulani.

Wote wawili waliongea ukweli. Mwenye benki alijibu swali aliloulizwa. Lakini mzee aliuliza kuhusu mzigo wa mfuko, na kile alitia sahihi kilikuwa mzigo wa shamba.

Kwa sheria ya ardhi ya Kenya ya 2012, "charge" ni ile wazee wetu waliita rehani. Shamba linabaki kwa jina lako, unaendelea kulima, unaendelea kuishi. Lakini limebebeshwa deni. Deni lisipolipwa, mkopeshaji ana nguvu ya kuliuza. Na haijalishi kama pesa zilikula gari la kijana na wewe hukuona hata shilingi. Mzigo uliwekwa kwa title yako, si kwa gari lake.

Sasa habari njema ni kwamba sheria haikuruhusu uamke siku moja upate mnada kwa geti. Kuna hatua.

Kama ni nyumba ya ndoa, charge haiwezi kuwa halali bila mke ama mume anayeishi hapo kutia sahihi, ama karatasi kuonyesha alikubali. Mathe ana sauti hapa, na hiyo sauti ni ya kisheria.

Kama ni shamba la kilimo, kwa kawaida mnafaa kupitia Land Control Board kupata kibali. Hapo ni mahali pazuri pa kuuliza maswali mbele ya watu.

Malipo yakikwama kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kukupa notisi ya kukueleza umekosea wapi na unadaiwa ngapi, na kama kosa ni kutolipa, unapewa angalau miezi 3 ya kurekebisha. Hiyo ikiisha bila malipo, inakuja notisi nyingine ya kuuza, si chini ya siku 40. Alafu dalali naye anafaa kukupa notisi yake ya siku 45. Na hata wakati wa kuuza, mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana, si kumtupia rafiki yake.

Umeona hizo notisi zote? Hizo ndizo barua watu huweka juu ya kabati bila kufungua, kwa sababu ni za Kizungu na zina muhuri unaotisha. Kila moja ni nafasi yako ya kuongea, kupanga malipo upya, ama kuona wakili. Zikiisha, nafasi nazo zimeisha.

7. Kutua mzigo

Kama "charge" ni kupakia, basi "discharge" ni kupakua. Na hili nalo liko kila mahali.

Hosi wanakupea discharge, umetuliwa, rudi nyumbani. Ingawa Kenya utapata mgonjwa amekuwa discharged na bado hajatoka kwa sababu ya charges. Maneno mawili ya familia moja yanapigana kwa geti la hospitali.

Korti pia inaweza kukupa discharge, hata baada ya kupatikana na kosa dogo, ikikuachilia kwa masharti ama bila masharti.

Lakini ile ya maana kuliko zote ni ya shamba. Ukimaliza kulipa mkopo, charge haijifuti yenyewe. Inahitaji karatasi inayoitwa discharge of charge, na hiyo karatasi lazima isajiliwe kwa ofisi ya ardhi. Watu wengi wanamaliza deni, wanapiga sherehe, wanachinja mbuzi, na wanasahau hiyo hatua. Miaka inapita, mzee anafariki, watoto wanataka kugawana, wanafanya search, na kwa ile sehemu ya tatu ya rejista, pale mizigo ya ardhi huandikwa, benki bado iko. Deni lilikufa kitambo, lakini mzigo haukutuliwa.

Kama kuna mtu kwenu aliwahi kuchukua mkopo kwa title, mwambie afanye search. Kwa maeneo yaliyo kwa Ardhisasa unaifanya kwa simu. Mengine unaenda ofisi ya ardhi. Fanya hiyo kitu wakati mzee bado ako hapa wa kueleza.

Swali moja tu la kubeba

Huhitaji kukariri haya yote. Ukikutana tena na hili neno mahali pa serious, benki, korti, polisi, hosi, ofisi, usiulize "Ni ngapi?" kwanza. Uliza hivi:

"Hiyo charge ni ya nini, na inabebwa na nani?"

Uliza kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Dholuo, kwa lugha yoyote uko comfortable nayo. Kama ni ada, watasema ada. Kama ni shtaka, watasema shtaka. Kama ni rehani, lazima waseme rehani, na ukisikia hilo neno, weka kalamu chini, rudi nyumbani, mkae na familia usiku mmoja kabla ya kutia sahihi.

Na leo jioni ukipigia mzee simu kumjulia hali, mwulize title iko wapi. Hakikisha tu simu yako iko na charge.